Mlango Uliopimwa kwa Viwiko vya Mama

Baba yangu hajawahi kuamini futi ya kupimia. Sisemi hivi kwa kumsifu. Ni seremala wa miaka arobaini na mbili, ametengeneza vitanda, makabati, madawati ya shule mbili na meza zisizo na idadi, na vyote amevipima kwa mwili wake mwenyewe. Shibiri ni kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi kidole cha kati. Mtaani kwetu hata watoto wadogo wanamwita Mzee Shibiri. Mwaka niliofungua kibanda changu cha kutengeneza baiskeli nilimnunulia futi ya chuma, ile inayojirudisha yenyewe ndani ya kibweta chake. Akanishukuru, akaniombea heri, kisha akaiweka juu ya karatasi zake za msasa zisipeperuke. Ilikaa hapo miaka sita.

Unaweza kuishi vizuri sana katika nyumba iliyopimwa hivyo, mradi usitake kuhamisha kitu. Kitanda chao, kwa mfano, alikiunganishia humo humo chumbani, na hakijawahi kutoka kwa sababu hakiwezi kutoka. Mama alipenda kusema siku wakihama, watahamia na chumba.

Lakini mlango wa chumba hicho ulikuwa habari nyingine. Baba alipokuwa akiutengeneza walikuwa na wiki mbili tu tangu waoane. Alimwita Mama akamsimamisha kwenye uwazi wa ukuta, akamwambia, "Hebu simama kama unavyosimama ukinigombeza." Mama akashika kiuno, viwiko vikatokeza huku na huku. Baba akapima kutoka kiwiko hadi kiwiko, akaongeza vidole viwili. "Sitaki siku moja utoke kwa hasira halafu ukwame," akasema. Basi mlango ule ukawa unaitwa mlango wa kiuno, na sisi watoto tulikua tukidhani kila nyumba inao.

Furaha yetu nyingine ilikuwa vigari. Jumapili mchana Baba alikuwa anaokota vipande vilivyobaki karakana, na kwa saa moja anakuwa amemaliza kigari cha mbao cha kukalia, chenye kamba mbele ya kukiongozea. Tulikikokota hadi kwenye mteremko wa nyasi chini ya tangi la maji la mtaa. Mimi na Kaka tulishuka kwa zamu. Halafu Mama alikunja gauni lake, akakaa, mama mzima na vidole vyake vimepakwa unga, akashuka akipiga kelele mpaka watu wa nyumba za chini wanatoka kuangalia nani anauawa. Akifika chini alikuwa hasemi kitu kingine isipokuwa neno moja: "Tena!" Mama wa wenzangu walikuwa wanakaa kivulini na kuchunga heshima zao. Mimi niliwahurumia wenzangu.

Nimeyataja hayo mapema kwa sababu mengine hayafurahishi.

Mwaka huu saratani ya Mama iliingia kwenye mifupa. Daktari alituita mimi na Kaka pembeni, akatuambia tumrudishe nyumbani. Kaka akauliza imebaki miezi mingapi. Daktari akasema tuhesabu wiki. Kaka ni dereva wa lori, mtu mkubwa mwenye sauti ya honi, lakini siku ile alikaa kwenye ngazi za hospitali akalia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira, na hasira ile haikuwa na pa kwenda.

Tulimlaza Mama kwenye godoro langu jembamba la utotoni, juu ya kitanda chao, ili aweze kugeuzwa kirahisi. Muuguzi mmoja wa zahanati alikuwa anakuja kila baada ya siku moja kumchoma sindano ya maumivu. Siku tano za mwanzo Mama alizungumza. Siku ya sita akageukia ukutani. Uji ukaja, ukapoa, ukarudi. Nikamwimbia, nikamsimulia umbea wa kibandani, wa mteja aliyeleta baiskeli ya wizi itengenezwe, kumbe mwenyewe aliyeibiwa amekaa pale pale kwenye benchi. Hadithi ile ingemchekesha hata maiti. Hakugeuka.

"Mama, unataka nini? Sema chochote."

Alikwaruza chokaa kwa ukucha. Kisha akauambia ukuta, "Nitoeni nje. Nataka kuuona mteremko."

Nilifurahi kama mpumbavu. Nje tu? Nje hakuna bei! Chumba chao kinafunguka moja kwa moja uani, na kutoka uani hadi kwenye tangi ni mwendo wa dakika kumi. Tukashika pembe nne za shuka, mimi, Kaka, Baba na muuguzi, tukainua. Shuka likazama katikati, mgongo wa Mama ukajikunja, na Mama akatoa sauti ambayo sitaielezea. Tulimshusha kabla hata hajavuka ukingo wa kitanda. Alipopata pumzi akasema, "Msinifanyie hivyo tena." Halafu akarudi ukutani.

Muuguzi akatueleza uani kwamba hawezi kubebwa akiwa amekunjika hata kidogo. Labda akiwa amelala juu ya kitu kigumu, kilichonyooka.

Baba alikwenda karakana akaanza kuchagua mbao.

Hapo inabidi nieleze habari ya mkono wake. Miaka miwili nyuma alianguka kutoka juu ya paa, mkono wa kulia ukavunjika kwenye kifundo, ukaunga vibaya. Vidole vya mkono ule havikutanuka tena kama zamani. Kazi ambayo zamani angeimaliza kwa siku moja ilikuwa inamchukua nne. Sote tulijua, na hakuna aliyeitaja mbele yake.

Alitaka kutengeneza gari. Si kigari cha kuchezea; gari la kulalia, refu kama kitanda, la kuingia hadi chumbani na kusimama sambamba na kitanda, urefu uleule, ili Mama ateleze tu na godoro lake bila kuinuliwa. Mimi nikaleta magurudumu manne ya baiskeli za watoto, nikayanyoosha spoki moja moja mpaka yakazunguka bila kuyumba, nikayafunga tairi mpya. Kazi yangu ilinichukua jioni mbili. Ya Baba ilichukua siku kumi na tatu.

Siku kumi na tatu! Kwa sababu alikataa misumari. Kila kiungo alikichonga kwa patasi, ulimi uingie kwenye tundu, kisha gundi, kisha pini ya mbao, kisha kusubiri gundi ikauke. Na ule mkono wake ukawa unavimba, anaukanda kwa maji ya moto, anaendelea.

"Baba, piga misumari. Utamaliza kesho."

"Msumari hulegea. Gari likitikisika, mama yako ataumia. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!"

"Basi liumie tumbo langu," akasema, akaendelea kuchonga.

Siku ya nane nilimpigia kelele. Nilimwambia kwamba anapenda mbao zake kuliko mkewe, na kwamba Mama atakufa akiangalia chokaa huku yeye anapiga msasa. Kaka alikuwepo, akanishika bega. Baba aliweka patasi chini, akaitazama, akaiokota tena. Afadhali angenizaba kofi.

Na kila jioni niliingia chumbani nikamwambia Mama, "Linakaribia." Naye akaitikia kidogo kwa kichwa. Muuguzi alikuwa ameanza kuongeza kipimo cha sindano. Mikono ya Mama ilikuwa imekuwa miembamba hivi kwamba bangili yake ya shaba ilipanda hadi kwenye kiwiko. Nilikuwa nikitoka pale ninakwenda kibandani, nafungua baiskeli ya mtu, nasahau nilikuwa natafuta nini, naifunga tena.

Siku ya kumi na tatu ilikuwa Jumapili, na gari likakamilika. Nisiwe mnyimi: lilikuwa zuri. Ukilisukuma kwa kidole lilikwenda. Ukilitikisa halikulia hata kidogo. Kaka alipanda akalala juu yake na uzito wake wote, likanyamaza kimya. Baba akalifuta vumbi kwa shati lake. Tukalisukuma kuvuka uani, muuguzi akiwa ameshafungua mlango, na Mama akiwa amegeuka kutoka ukutani kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Gari likagonga miimo yote miwili ya mlango. Ko.

Tukalirudisha, tukalinyoosha, tukalisukuma tena. Ko. Kaka akajaribu kuliingiza kwa pembe. Lilikuwa pana kuliko mlango kwa upana wa kiganja kizima.

"Haiwezekani," Baba akasema. "Mlango ni shibiri nne na nusu. Gari nimelikata shibiri nne."

Akainama kuupima mlango kwa mkono wa kulia. Moja, mbili, tatu, nne, na nusu. Akageuka kulipima gari, na mkono wa kulia ukiwa umechoka, akatumia wa kushoto. Alipofika shibiri ya pili alisimama. Niliona uso wake ukielewa. Mlango alikuwa ameupima siku ya kwanza kwa mkono uliovunjika, wenye shibiri iliyonywea. Mbao alizipima baadaye, mkono ule ulipovimba, kwa mkono mzima. Shibiri nne za mkono mzima zilikuwa kubwa kuliko nne na nusu za mkono kilema.

Sikuwa na la kusema. Ninasema uongo, nilikuwa nalo, nalo lilikuwa limekaa juu ya karatasi za msasa kwa miaka sita.

"Tulifungue," Kaka akasema. "Tupunguze mbao za katikati, tulifunge upya."

Lakini lingefunguliwaje? Lingekuwa la misumari, tungeing'oa kwa dakika kumi. Hili lilikuwa na gundi na pini kila kiungo; kulifungua ni kulivunja. Baba alijua hivyo kuliko sisi. Akaenda karakana mbio, mzee wa miaka sitini na tisa anakimbia, akarudi na msumeno, akaanza kuukata mwimo wa mlango. Mwimo ulikuwa umejengewa ukutani kwa saruji. Meno ya msumeno yakagonga saruji, yakalia. Akaendelea. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye ndevu, na bado akaendelea kukata pale pale palipokataa kukatika. Mfa maji haachi kutapatapa. Kaka akamshika, Baba akamsukuma. Muuguzi akaanza kukusanya vitu vyake, nadhani kwa kutojua mikono yake aiweke wapi.

Ndipo tukasikia sauti chumbani. Nilidhani ni maumivu. Nikaingia mbio.

Mama alikuwa anacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kidogo, pumzi tu na mabega, na kilimuuma, lakini alishindwa kukizuia.

"Fundi," akaita. Hakuwahi kumwita Baba kwa jina lingine. "Fundi, acha kuukata ukuta wa watu."

Baba akasimama mlangoni na msumeno wake.

"Kitu gani kinapita kwenye mlango ule bila kupimwa?" Mama akauliza.

Muuguzi akaweka mfuko wake chini.

"Mlango," akasema. "Ng'oeni mlango, mnibebe nao."

Kaka alikuwa wa kwanza kuelewa. Alifungua bawaba kwa bisibisi yangu, mlango ukatoka, mzito, mbao ngumu isiyopinda. Tukaulaza juu ya viti viwili sambamba na kitanda. Tukamvuta Mama na godoro lake, taratibu, upana wa vidole viwili viwili, mpaka akawa amelala juu ya mlango wake. Aliuma meno, lakini hakupiga kelele. Tukashika wawili mbele, wawili nyuma. Mlango ukapita kwenye mlango. Uani tukauweka juu ya gari, ukakaa sawasawa, na Mama akafumba macho kwa sababu ya jua.

Tulikwenda polepole, tukilivuta gari kwa kamba ndefu aliyolifungia Baba. Nilikuwa nimepunguza upepo kwenye tairi ili zimeze mawe, na kazi ya Baba ikafanya kama alivyoahidi: gari halikutikisika. Fundi viatu wa pembe ya mtaa alisimama akavua kofia, kisha akaona Mama anatabasamu, akaivaa tena kwa aibu.

Mteremko ulikuwa palepale. Nyasi zilikuwa ndefu kuliko ninavyozikumbuka, na upepo ulikuwa unapita juu yake. Mama aliutazama kuanzia kwenye tangi hadi chini kabisa. Mimi nikaketi chini karibu na gurudumu, nikashika mguu wake, na nikajisikia furaha, furaha ya kweli, ile iliyokuwa inaniuma kifuani nikiwa na miaka saba. Nilisahau kwamba nilikuwa na hasira na mtu yeyote.

"Fundi," Mama akasema. "Achia kidogo."

"Mama watoto, hapana."

"Kidogo tu. Mshike kamba wote."

Muuguzi akatikisa kichwa. Baba akamtazama Mama, akatutazama sisi. Kisha akajizungushia kamba kiunoni, Kaka akaishika nyuma yake, mimi na muuguzi tukashika kingo za mlango, na tukaliacha gari lishuke. Tulishuka kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, si zaidi. Ilikuwa hatua arobaini labda. Nywele za Mama zilipeperuka. Chini kabisa, kwenye usawa, gari likasimama lenyewe.

Mama alikuwa amepauka, na jasho limemjaa juu ya mdomo. Akafungua macho.

"Tena," akasema.

Baba alianza kuligeuza gari. Mimi ndiye niliyesema, "Kesho, Mama. Leo inatosha. Kesho tutakuja tena."

Sauti ilikuwa yangu, wala si ya Baba. Mama alinitazama kidogo, akasema, "Haya, mwanangu."

Mvua ilianza kunyesha alfajiri. Ilinyesha Jumatatu, Jumanne, siku zote zile, mvua ya kujaza mitaro. Gari lilikuwa limefunikwa kwa turubai uani, na mlango tuliurudisha kwenye bawaba zake ili upepo usimpige Mama. Kila asubuhi aliniuliza kama kumekauka. Siku ya tano hakuuliza. Jumamosi saa tatu asubuhi, Baba akiwa amemshika mkono, alikata roho.

Nilihesabu, maana mtu mwenye uchungu huhesabu. Kama Baba angepiga misumari, gari lingekuwa tayari siku ya tatu, na Mama angetoka mara kumi. Nilipofika hapo, nikaikumbuka ile moja niliyomnyima mimi. Tangu hapo nimeacha kuhesabu.

Mchana ule Baba alikuja nilipokuwa nimekaa, kwenye kizingiti cha karakana. Mvua ilikuwa bado.

"Iko wapi ile futi yako?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikaenda nikaitoa juu ya karatasi za msasa. Chuma kilikuwa kimeanza kushika kutu, ikavutika kwa shida. Tukaingia chumbani. Wanawake wa mtaani waliokuwa wakimwandaa Mama wakatoka, wakatuachia. Baba akashika mwanzo wa futi kwenye utosi wa Mama, mimi nikaivuta hadi kwenye nyayo. Macho ya Baba hayaoni tena namba ndogo.

"Soma."

"Mia moja hamsini na sita."

"Soma tena. Huyu asikosewe."

Nikasoma tena. Ilikuwa mia moja hamsini na sita. Kisha nikaisogeza futi kwenye mabega ya Mama nipime upana, na Baba akanizuia mkono.

"Si hapo."

Akanichukua hadi mlangoni. Akaushika mwimo pale penye alama za msumeno, akaniambia niupime mlango, ukingo hadi ukingo.

"Sabini na tisa," nikasema. "Lakini Baba, Mama hajafika upana huu. Sanduku la kumzikia litakuwa pana mno."

"Asibanwe," akasema. "Sanduku litamsubiri uani. Akitaka kushika kiuno, ashike."

Nikaziandika namba zote mbili kwenye kiganja, nikajifunika turubai la gari, nikaenda dukani. Nilinunua mbao na kopo la gundi. Misumari sikununua.